Heshima ya Muuza Gari Isiishie Kwenye Risiti

Msomaji, ukitaka kuijua adabu ya mfanyabiashara, usimtazame siku anapokuuzia. Mtazame siku unaporudi kwake na malalamiko. Hayo ni kweli kwa muuza viatu, kwa fundi cherehani na hata kwa muuza samaki. Lakini hakuna mahali yanapouma kama katika biashara ya magari ya kifahari, ambako mtu huacha mamilioni ya shilingi mezani, kisha majuma mawili baadaye akageuzwa mwombaji.

Wakazi wa Nyali wanaijua vyema karaha hii. Magari yaliyotumika ng'ambo hushushwa Kilindini, na kutoka huko hadi huku bara, kupitia Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka wa 1980, si mwendo mrefu. Mtu angedhani kwamba anayekaa karibu hivi na mlango wa bandari angehudumiwa vizuri kuliko mnunuzi wa Kakamega au Garissa. Mambo sivyo yalivyo. Ukaribu wa meli haujawahi kumfanya muuzaji apokee simu.

MAKUBADHI MLANGONI

Kero ya kwanza huanza kabla hujauliza bei. Hebu mfikirie mzee aliyevaa kikoi, shati jepesi na makubadhi. Haya ni mavazi ya kawaida Pwani, na si matajiri wachache wanaovaa vivyo hivyo. Mzee anaingia mahali ambapo sakafu inang'aa na kiyoyozi kinavuma. Kijana wa mauzo anamtazama miguuni, kisha anarudi kwenye simu yake. Baada ya muda anamwuliza, "Mzee, unatafuta nani?" Mzee anauliza bei ya lile gari jeusi. Anajibiwa, "Hilo ni ghali, mzee." Hakuuliza kama ni ghali. Aliuliza bei.

Akina mama nao wana yao. Mama amekuja na mumewe, na fedha za kununulia ni zake mwenyewe, alizozichuma kwa miaka kumi ya biashara. Anapokewa kwa shikamoo na soda baridi. Lakini akiuliza kuhusu injini, jibu anapewa bwana. Akiuliza gari linakula mafuta kiasi gani, anaonyeshwa kioo cha kujipodolea. Mumewe naye, badala ya kusema "Mwulize mama, gari ni lake," anatikisa kichwa kama anayeelewa. Mabwana mnaosoma ukurasa huu, hapo mnaweza kusaidia.

Baadhi ya wanunuzi huyavumilia haya wakisema ni madogo. Si madogo. Muuzaji anayekupima kwa viatu vyako ameshakuonyesha atakavyokupima siku utakaporudi na gari bovu.

CHAI KABLA, KALENDA BAADAYE

Kabla ya kulipa, wewe ni "bosi". Unaletewa chai, unapigiwa simu mara tatu kwa siku, unaambiwa gari hili limetunzwa kama yai. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, seuze mtu mwenye fedha mfukoni.

Baada ya kulipa hadithi hubadilika. Juma la pili taa ya injini inawaka. Unapiga simu, kijana yule "yuko kwenye mkutano". Unakwenda mwenyewe, unaambiwa fundi wa magari ya aina hiyo yuko Nairobi. Fundi akija, kipuri hakipo. Kipuri kimeagizwa, kiko njiani. Kikifika, si chenyewe. Wakati huo gari lako limekaa juani mwezi mzima katika hewa ya chumvi, huku wewe ukiwapeleka watoto shule kwa tuktuk na kuendelea kulipa mkopo wa benki kila mwisho wa mwezi.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu moja ni kwamba mara nyingi kijana wa mauzo hupata bakshishi yake gari linapouzwa, si linapotengenezwa. Ukishalipa, faida yake kwako imekwisha. Sababu ya pili ni kwamba magari mengi ya kifahari yanayouzwa katika yadi zetu hayakuletwa na wakala wa kampuni iliyoyaunda. Yaliletwa yakiwa yametumika, kutoka Japani au Uingereza, ambako usukani uko kulia kama hapa. Mwenye yadi hana mafundi waliofunzwa kazi hiyo wala ghala la vipuri. Wakala rasmi naye, ukimpelekea, hana wajibu wa kubeba mzigo wa gari ambalo hakuliuza yeye. Unabaki katikati kama mpira, huyu anakupiga teke na yule anakurudisha.

KONGOWEA HATUDANGANYIKI HIVI

Lakini iko sababu ya tatu, na hii iko ndani yetu wanunuzi. Mfuate mama yeyote sokoni Kongowea. Akinunua gunia la viazi, analipindua aone vya chini. Anabonyeza nyanya, anavunja bamia ncha, anapingana na bei, na akipunjwa anarudi kwa sauti ambayo soko zima litaisikia. Mama huyo huyo, mbele ya gari la mamilioni, anatia sahihi karatasi ambayo hakuisoma.

Tatizo si ujinga. Ni haya. Gari la kifahari hatulinunui kwa ajili ya kusafiri tu, tunanunua na jina. Miaka ya mwanzo ya uhuru watu wa Afrika Mashariki waliwabandika wakubwa jina la Wabenzi kwa sababu ya magari yao ya Mercedes-Benz, na tangu wakati huo gari kubwa limekuwa kama cheo. Mwenye cheo huona aibu kuinama kutazama chini ya gari. Huona aibu kuuliza, asije akaonekana hana uwezo. Na gari likimharibikia huona aibu kusema, majirani wasije wakacheka.

Wauzaji wabaya wanaijua aibu hiyo, na ndiyo mtaji wao. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: ingia mahali pale kama unavyoingia Kongowea. Pindua gunia.

KABLA HUJATOA SENTI

Nyumba njema si mlango. Usiridhike na rangi inayong'aa na viti vya ngozi.

Kwanza, ulizia historia. Magari mengi ya Japani hupita mnadani kabla ya kupakiwa melini, na mkaguzi wa mnada huliandikia kila gari karatasi yake. Alama ya 4 au 4.5 humaanisha gari liko katika hali nzuri. Herufi R au RA humaanisha limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kilomita lilizokwenda nazo huandikwa hapo. Zilinganishe na zile za dashibodi. Kama gari limetoka Uingereza, omba nambari ya usajili ya huko. Kumbukumbu za ukaguzi wake wa kila mwaka, uitwao MOT, husomwa na mtu yeyote kwenye intaneti bila malipo, pamoja na umbali ambao gari limekwenda. Muuzaji akisema karatasi hizo zimepotea, nawe waambie fedha zako zimepotea.

Pili, tazama umri. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Muuzaji akikuelezea umri usiolingana na hati, kuna jambo.

Tatu, nenda na fundi wako mwenyewe, si wa yadi. Nenda asubuhi, mkaguse boneti. Kama ina joto kabla hamjaliwasha, mtu ameshaipasha injini moto ili isikohoe mbele yenu. Liendesheni hadi kwenye msongamano wa magari, si kuzunguka yadi tu. Washeni kiyoyozi jua likiwa kali, kwa maana huku kwetu hicho si anasa. Mwombe fundi atazame kutu chini, kwa sababu gari lililokaa muda mrefu katika yadi iliyo karibu na bahari huliwa polepole na chumvi.

Nne, hakikisha muuzaji ana haki ya kuuza. Kumbukumbu za umiliki hutazamwa katika mamlaka ya usafiri, NTSA. Na tangu sheria ya mwaka wa 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, iko rejista inayoonyesha kama gari limewekwa rehani kwa benki. Ni uchungu kununua gari asubuhi na jioni ukafuatwa na madalali.

Tano, kila ahadi iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kama anasema giaboksi ina dhamana ya miezi sita, aandike miezi sita, aandike ni nani atakayelipia vipuri, na nani atakayelipia ufundi. Ukitoa arubuni, risiti ieleze ni lini na kwa sababu gani utarudishiwa. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Anayechukia kalamu amekwisha kukujibu.

Tena soma kwa makini maneno kama "gari limeuzwa kama lilivyo". Yamewekwa hapo ili siku ya ubishi uambiwe uliliona, ukaliridhia.

SHERIA HAIKO MBALI

Tuseme yote umeyafanya, na bado gari limekusumbua. Usikae kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kifungu hicho kinawabana watu binafsi, si serikali peke yake. Iko pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012, na ile ya zamani ya Uuzaji wa Bidhaa iliyoanza kutumika 1931, ambayo inataka kitu kilichouzwa kifae kwa kazi yake.

Lakini sheria hiyo ya zamani ina mtego wake. Ukikaa na gari bovu muda mrefu bila kumjulisha muuzaji kwamba unalikataa, huhesabiwa kwamba umelikubali. Kwa hiyo usitosheke na simu zisizopokewa. Siku kasoro inapotokea, andika barua. Taja tarehe, kasoro na unachotaka: litengenezwe, libadilishwe, au urudishiwe fedha. Mpelekee kwa mkono, akutilie sahihi kwenye nakala. Picha za taa za dashibodi na ujumbe wa simu vihifadhi.

Kuhusu gereji, sheria ya 2012 inataka upewe makadirio ya gharama kabla gari halijaguswa, na bili isiyazidi kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo ile tabia ya kuambiwa elfu arobaini leo na laki moja siku ya kuchukua gari si bahati mbaya ya kuvumiliwa. Ni makosa.

Muuzaji akikaidi, waweza kumshtaki kwa Mamlaka ya Ushindani, ambayo hushughulikia wauzaji wanaopotosha wanunuzi. Na kama dai lako halizidi shilingi milioni moja, ziko Mahakama za Madai Madogo zilizoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Utasema gari lako ni la milioni sita. Ni kweli, lakini bili ya giaboksi inaweza kuwa ya laki nne tu, na hiyo inaingia. Waweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60.

Wenzetu ng'ambo nao walifika hapa kwa kupiga kelele. Wamarekani huliita gari bovu limau, kwa sababu ya uchachu linaouacha mdomoni, na jimbo la Connecticut lilitunga sheria ya malimau mwaka wa 1982: gari jipya likitengenezwa mara kwa mara lisipone, mnunuzi hupewa jingine au fedha zake. Uingereza, tangu sheria yao ya 2015, anayeuziwa na mfanyabiashara gari lenye kasoro ana siku 30 za kulirudisha na kurudishiwa fedha zote. Sheria zetu haziyataji malimau, lakini mlango haujafungwa kwa anayebisha akiwa na karatasi mkononi.

NENO KWA WENYE YADI

Nanyi wenye yadi, si haki kuwatia nyote kapu moja. Wako miongoni mwenu wanaopokea simu ya malalamiko kwa upesi ule ule wa simu ya mauzo, na hao hawahangaiki kutafuta wateja. Mji wetu ni mdogo. Anayeudhiwa Nyali leo, habari zake husikika Kisauni kesho, na Ijumaa zimekwisha kufika barazani Mji wa Kale. Yule mzee wa makubadhi mliyempuuza ana wana watano, na kila mmoja anataka gari.

Na wewe msomaji, ukienda wiki hii kutazama gari, mchukue mwenzio, mchukue fundi, na uchukue kalamu. Chai yao kunywa, si vibaya. Lakini kikombe kikiisha, omba karatasi uisome mwanzo hadi mwisho, hata kama kijana wa mauzo anatazama saa.