Marubani wapya na mshahara wa kuanzia: kwa nini ngazi ya chini hubaki chini

Fedha za korosho zikishaingia katika akaunti za wakulima baada ya minada ya Oktoba hadi Desemba, baadhi ya wafanyabiashara wa Kilimarondo, Nachingwea mjini na Ruangwa huanza kuulizia hisa. Mashirika ya ndege huvutia macho haraka. Ndege inaonekana, bati la ghala halionekani. Lakini mwenye fedha zake anapaswa kujua kwamba katika biashara hiyo gharama ya wafanyakazi, hasa marubani, inaweza kula faida ya mwaka mzima, na kwamba ugomvi wake mara nyingi hauhusu kiasi cha mshahara peke yake bali nani ndani ya chama cha wafanyakazi ananufaika kwanza.

Watu wengi hudhani kila rubani ni tajiri. Kapteni wa ndege kubwa, ndiyo, hulipwa vizuri kwa kipimo chochote. Rubani msaidizi aliyetoka chuoni ni habari nyingine. Ili apate leseni ya biashara anatakiwa kuwa na saa 200 hivi za kuruka, na mafunzo hayo hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani, fedha ambazo kwa kawaida ni za wazazi, mkopo au shamba lililouzwa. Akimaliza hapati ndege kubwa. Wengi wa Afrika Mashariki huanzia kwenye Cessna Caravan zinazobeba watalii kwenda mbugani na visiwani, wakikusanya saa kwa malipo madogo. Anayebahatika kuingia shirika kubwa huwekwa mkiani mwa orodha.

Orodha hiyo ndiyo msingi wa jambo lote. Katika mashirika mengi yenye chama imara, mshahara, kupanda cheo, aina ya ndege, hata likizo ya sikukuu, hufuata tarehe ya kuajiriwa. Rubani wa miaka 20 akihamia shirika jingine lenye utaratibu huo huanza upya chini, pamoja na vijana. Mtu wa Kilimarondo anaweza kulielewa hili kwa mkorosho: unapanda, unapalilia miaka mitatu au zaidi bila kuona kitu, kisha unavuna kwa miongo. Tofauti ni kwamba shamba la rubani ni la mwajiri. Akihama anauacha mkorosho hapo hapo.

Kwa sababu hiyo wakongwe wana kila sababu ya kutaka fedha ziwekwe juu ya ngazi. Hesabu yake ni rahisi. Chukulia shirika la mfano lenye marubani 100, ambao 15 kati yao wako katika miaka miwili ya mwanzo. Menejimenti inakubali kuongeza Sh. milioni 60 kwa mwezi katika mishahara. Fedha hizo zikielekezwa kwa wale 15, kila mmoja anapata nyongeza ya Sh. milioni 4, na huenda akaacha kuwaza kuhama. Zikigawanywa kwa wote, kila mmoja anapata Sh. 600,000. Kura ikipigwa, upande mmoja una watu 85 na mwingine 15. Na wale watakaoajiriwa mwaka ujao, ambao ndio watakaoumia zaidi, hawamo ukumbini kabisa.

Sheria nayo haiwalindi sana. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakipa haki ya kujadiliana na mwajiri chama kinachowakilisha walio wengi katika kitengo husika, na mkataba wa hali bora unaofikiwa huwafunga wafanyakazi wa kitengo hicho. Kijana akiingia kazini anaukuta umeshasainiwa. Sheria hiyo hiyo inawataja waongozaji wa safari za ndege miongoni mwa huduma muhimu zilizowekewa vizuizi vya mgomo. Rubani mwenyewe hatajwi katika orodha hiyo. Kwa hiyo silaha ya mgomo anayo, akifuata taratibu.

Mfano ulio karibu ni wa Kenya Airways. Shirika hilo liliundwa 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways, likabinafsishwa 1996 ambapo KLM ya Uholanzi ilichukua asilimia 26 na wananchi wakauziwa hisa kwa Sh. 11.25 za Kenya. Mwaka 2004 hisa zake ziliorodheshwa pia Dar es Salaam, hivyo Mtanzania mdogo naye aliweza kuzinunua. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani walio chini ya chama chao cha KALPA, wapatao 400, walisimamisha kazi ingawa mahakama ilikuwa imezuia mgomo. Shirika lilisema kila siku ingeligharimu Sh. milioni 300 za Kenya. Siku nne baadaye walirudi kazini kwa amri ya mahakama.

Walichodai kinasomeka vizuri kikiwekwa pembeni ya hesabu ya hapo juu. Walitaka mwajiri arudishe michango yake katika mfuko wa akiba ya uzeeni, iliyosimamishwa wakati wa Uviko-19, na walipwe mishahara iliyozuiwa katika kipindi hicho. Ni madai ya haki, kwa kuwa fedha iliyokwisha kufanyiwa kazi ni deni. Lakini ni madai ya watu waliokuwepo. Aliyeajiriwa baadaye hakuwa na mshahara wa 2020 wa kudai, na mfuko wa uzeeni kwa mtu wa miaka 24 ni kitu cha mbali. Mshahara wa kuanzia haukuwa kiini cha mgomo.

Marekani walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1983 American Airlines ilikubaliana na vyama vyake mpango wa ngazi mbili: waliokuwepo wabaki na viwango vyao, watakaokuja waanze kwa viwango vya chini zaidi. Waliotia saini hawakupoteza kitu siku ile. Shirika lilipoajiri kwa wingi, kundi la chini likawa kubwa, likaanza kupiga kura, na ngazi hizo zikaanza kuondolewa. Hata hivyo mashirika madogo ya mikoani yaliendelea kulipa kidogo. Ndege ya Colgan Air ilipoanguka karibu na Buffalo Februari 2009 na kuua watu 50, uchunguzi ulionyesha rubani msaidizi alikuwa na kipato cha kama dola 16,000 kwa mwaka, na alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi, anakoishi, kwenda kazini. Bunge la huko likapitisha sheria inayotaka saa 1,500 kwa marubani wengi wapya wa abiria. Wapya wakawa adimu. Kufikia Juni 2022 mashirika matatu ya mikoani yaliyo chini ya American yalipandisha malipo ya mwaka wa kwanza hadi dola 90 kwa saa ya kuruka, sehemu yake ikiwa nyongeza ya muda. Upungufu wa watu ulifanya kile ambacho meza ya majadiliano haikukifanya kwa miaka mingi.

Afrika Mashariki upungufu huo una sura yake: mashirika ya Ghuba huchukua marubani wenye saa za kutosha, wakiwa wameshafundishwa kwa gharama ya mtu mwingine. Waajiri hujibu kwa mikataba ya kumfunga rubani miaka kadhaa kufidia mafunzo. Mkataba wa namna hiyo humzuia mtu kuondoka, haumfanyi apende kubaki.

Kwa mwenye hisa, kuinua mshahara wa kuanzia ni nafuu, maana wanaohusika ni wachache, na kila anayebaki huokoa gharama ya kumfundisha mwingine. Nyongeza ya asilimia moja kwa wote, na ahadi za mafao, ndizo nzito, na mara nyingi hazionekani hadi mtu afungue taarifa ya mwaka kwenye maelezo ya madeni ya wafanyakazi. Huko ndiko pa kutazama kabla ya bei ya hisa.

Wanahisa wadogo wa Kenya Airways waliokunjua taarifa hizo mapema walikuwa wachache. Mwaka 2017 madeni yaligeuzwa kuwa hisa, serikali ikabaki na asilimia 48.9 na mabenki asilimia 38.1, na waliokuwepo wakapunguziwa sehemu yao mno. Julai 2020 biashara ya hisa hizo ilisimamishwa kwenye soko la Nairobi, bei ikiwa Sh. 3.83 za Kenya, ikafunguliwa Januari 2025. Kwa mwaka 2024 shirika lilitangaza faida ya Sh. bilioni 5.4 za Kenya, ya kwanza baada ya zaidi ya muongo. Nusu ya kwanza ya 2025 likarudi kwenye hasara ya Sh. bilioni 12, sababu kubwa ikiwa ndege tatu za Boeing 787 zilizokaa chini. Ndege ikikaa chini haiingizi nauli, lakini rubani wake yumo kwenye orodha ya mishahara ya mwisho wa mwezi.