Stesheni ya Syokimau na Magari Yake ya Asubuhi

Wengi wenu mtakumbuka kwamba mwaka jana chama chetu cha midahalo kilijadili mada hii: "Mji wa Kigali wahitaji reli kuliko barabara mpya." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kukubali. Nilisema kwa dakika saba, na nadhani nilisema vizuri, hata mvulana mmoja wa kidato cha pili akasimama akaniuliza, "Bwana msemaji, je, umewahi kupanda gari la moshi?" Nikanyamaza. Ukumbi mzima ukacheka, nasi tukashindwa kwa kura nyingi.

Kwa kweli sikuwa nimepanda, wala nisingeweza kupanda hapa kwetu. Lakini sikusema yale kwa kupenda maneno tu. Sisi twakaa Kabuga, na mama yangu afanya kazi mjini. Huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Kwenda si shida sana. Shida ni kurudi. Jioni husimama mstarini akingoja basi, na siku nyingine hungoja robo saa, siku nyingine saa nzima, wala akiwa pale mstarini hajui kama leo ni siku ya robo saa au ya saa nzima. Mdogo wangu wa mwisho mara nyingi huwa amekwisha lala mama anapofika. Basi niliposikia kwamba miji mingine ina magari ya moshi ya kuwachukua wafanyakazi asubuhi na kuwarudisha jioni, niliona dawa imepatikana.

Yafaa kwanza tujue kwamba reli zimetuzunguka, ila hazijaingia kwetu. Mwaka 1914 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na mwaka ule ule walianza njia nyingine kutoka Tabora kuelekea mto Kagera, yaani kwetu. Vita vikaikatiza. Waingereza walipoitawala nchi ile waliipeleka reli kutoka Tabora hadi Mwanza, ikafika mwaka 1928. Upande wa kaskazini, reli ya Uganda ilifika Kasese mwaka 1956, ikaishia hapo. Katika miaka yetu mambo yamezungumzwa tena: mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kujenga reli mpya kutoka Mombasa hadi Kigali, na Januari 2018 marais wa Tanzania na Rwanda walikubaliana juu ya reli ya kutoka Isaka. Lakini mpaka naandika haya, hakuna abiria aliyepata kushuka katika gari la moshi hapa Kigali.

Likizo ndefu ilipofika niliomba ruhusa nikamtembelee mjomba wangu, aliye karani huko Nairobi. Nilikwenda kwa basi, kupitia Gatuna na Kampala, safari ya usiku na mchana ambayo sitaieleza, kwa kuwa nililala sehemu yake kubwa. Mjomba akaa Syokimau, nje ya mji upande wa barabara ya Mombasa, na kila siku ya kazi huenda mjini kwa gari la moshi. Nikamwambia habari ya mdahalo. Akacheka sana, akasema, "Mpwa wangu, kesho amka saa kumi na moja, ukaone mwenyewe."

Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 13 Novemba 2012. Iko kilometa 16 hivi kutoka stesheni kuu ya Nairobi, nayo ni nyumba kubwa ya kisasa yenye paa refu. Kando yake upo uwanja wa kuegesha motokaa, na uwanja huo si pambo. Waliojenga walikusudia kwamba mwenye motokaa aiache pale, aende mjini pamoja na wenzake, badala ya kila mtu kuingia mjini na motokaa yake akiwa peke yake ndani. Asubuhi ile niliwaona watu wa namna mbili: waliokuja kwa motokaa na viatu vyao safi, na waliokuja kwa miguu au kwa pikipiki na vumbi miguuni. Wote walikata tikiti, wakasimama juu ya jukwaa lile lile.

Nilidhani nitaona fujo, maana watu walikuwa wengi mno. Sikuiona. Gari liliposimama, kila mtu alikwenda kwenye mlango wake, kama mwanafunzi aendavyo kwenye dawati lake. Mjomba alinionyesha mahali pake, penye dirisha, na wanawake wawili na mzee mmoja ambao amesafiri nao kwa miaka. Wajuana habari za watoto na za magonjwa, ijapokuwa hajapata kufika nyumbani kwa hata mmoja wao. Behewa lilipojaa watu walisimama katikati wakishika vyuma. Wengine walisinzia wima, jambo ambalo sikujua kwamba lawezekana. Tulipita Imara Daima, tukapita Makadara, na kila tuliposimama niliwaza, "Sasa hawataingia tena," nao wakaingia. Dirishani niliiona barabara ya Mombasa, motokaa zimesimama moja nyuma ya nyingine. Juu yake yapita barabara nyingine ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022, kwa wale wawezao kulipa. Sisi tulikuwa chini, tukaenda.

Siku ya tatu nilijifunza jambo ambalo katika mdahalo sikulitaja hata mara moja. Mjomba alitangulia, nami nilikawia nikitafuta soksi. Nilipofika jukwaani niliona mgongo wa behewa la mwisho. Nilikuwa nimechelewa dakika moja, labda mbili. Nilimwuliza mlinzi kama gari jingine laja sasa hivi, akanitazama kwa huruma. Nikapanda matatu, nikafika mjini baada ya saa moja na nusu, mjomba amekwisha kunywa chai ya saa nne.

Siku hiyo nilikasirika, lakini baadaye nilimwuliza mjomba kwa nini magari yasiwe mengi, moja kila robo saa. Akanieleza. Sehemu kubwa ya njia ile ni njia moja tu, si mbili. Magari mawili yaendayo kinyume hayawezi kupishana popote yatakapo, sharti moja lingoje stesheni yenye njia ya pembeni mpaka jingine lipite. Tena kuna jambo la watu. Asubuhi karibu wote waenda upande mmoja, jioni wote warudi. Gari lililojaa hata kukosa pa kusimama likienda mjini, likirudi saa ile ile lingekuwa karibu tupu, na gari tupu hula mafuta vile vile na dereva wake hulipwa vile vile. Ndiyo sababu magari ya wafanyakazi huwa machache, ya asubuhi na ya jioni, na saa zake hazina budi kujulikana na kushikwa. Mtu wa Syokimau haendi stesheni kungoja gari. Anakwenda kwa sababu anajua kwamba gari lipo.

Magari yenyewe ni ya aina mbili. Aina ya zamani ina kichwa kinachovuta mabehewa. Kikifika mwisho wa safari hapana budi kifunguliwe, kizunguke kwa njia ya pembeni, kifungwe tena upande wa pili, na kazi hiyo hula wakati. Aina ya pili haina kichwa cha peke yake; injini zimo chini ya mabehewa, na chumba cha dereva kipo huku na huku. Likifika mwisho, dereva hutembea tu hadi upande wa pili na kuondoka. Kenya ilinunua magari 11 ya namna hii yaliyokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, nayo yalizinduliwa Nairobi mwaka 2020. Nilishangaa kwa nini yatoke kisiwani mbali hivyo. Sababu ni upana wa njia. Reli ya zamani ya Afrika Mashariki, iliyofika Nairobi mwaka 1899, ina mita 1 kati ya chuma na chuma, na reli za Mallorca ni mita 1 vile vile. Nchi nyingi za Ulaya zatumia upana wa mita 1 na sentimita 43 na nusu, na gari lao haliwezi kukanyaga njia hii.

Ajabu ni kwamba huko Syokimau pana njia za upana wote mbili. Reli mpya kutoka Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, ni ile pana, na stesheni yake kubwa imejengwa karibu hapo, si katikati ya mji. Basi abiria atokaye Mombasa hushuka na mizigo yake, akatafuta gari la njia nyembamba limfikishe mjini. Nilimwona mama mmoja mwenye mifuko miwili ya maembe akihama hivyo, akilalamika kwa Kiswahili kizuri sana cha pwani. Nadhani alikuwa na haki.

Nairobi si peke yake. Majuma mawili tu kabla ya Syokimau kufunguliwa, Dar es Salaam nayo ilianza magari ya namna hii, na watu wa mji wakayaita kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, Mwakyembe. Kampala ilianza ya kwake, kwenda Namanve, mwaka 2015. Miji yote mitatu ilitumia njia zilizokuwapo tangu zamani. Hilo nililigundua nikiwa ndani ya basi la kurudi, nalo lilinitia baridi. Nairobi reli ilitangulia, na mji ukaota kando yake penye uwanda. Kigali ilianzishwa na Richard Kandt mwaka 1907 juu ya kilima, na tangu hapo imeenea kilima hata kilima bila kuiuliza reli.

Na vilima si jambo dogo. Wale wa darasa la fizikia wanielewe: gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina msuguano mwingi. Hiyo ndiyo faida yake, kwa maana injini moja yaweza kuvuta mzigo mkubwa kwa mafuta kidogo. Hiyo ndiyo hasara yake pia, kwa maana penye mwinuko gurudumu huteleza. Wahandisi hawapendi njia ya reli ipande zaidi ya mita 2 katika kila mita 100, lakini basi lenye matairi ya mpira laweza kupanda mita 8 katika 100 likinguruma. Tuseme kwamba kutoka bonde la Nyabugogo hadi juu mjini ni mita 150 za kupanda. Mwenye miguu mizuri hupanda kwa muda mfupi. Gari la moshi lingehitaji kilometa 7 na nusu za njia, likizungukazunguka ubavuni mwa kilima kama nyoka, au handaki, au stesheni ibaki bondeni na watu wapande wenyewe. Wajenzi wangechagua bonde. Na Kabuga iko juu.

Haya sikuyajua niliposimama ukumbini kusema dakika zangu saba. Nimesoma pia habari za mabasi ya Dar es Salaam yaitwayo mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016. Yana njia yake ambayo motokaa nyingine haziruhusiwi, yana vituo vilivyoinuliwa kama jukwaa la reli, na abiria hukata tikiti kabla ya kupanda. Yasemekana nayo hujaa kupita kiasi, na sina haki ya kuyasifu kwa kuwa sijayapanda. Nimekwisha kuadhibiwa kwa kosa hilo. Lakini basi hupanda kilima.

Nilimweleza mama mambo haya jikoni usiku niliporudi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi. Kisha akauliza, "Na hilo gari la moshi, likijengwa, lingepita hapa Kabuga?" Nikamwambia halingepita. "Basi mimi nipatieni ile saa tu," akasema, "niijue saa ya basi langu." Akaniambia nichukue kisu nimsaidie.

Muhula ujao mdahalo utarudiwa. Nimemwomba mwenyekiti abadili mada, iwe juu ya mabasi yenye njia yake na saa zake, naye amekubali. Yule mvulana aliyeniuliza swali, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, amekwisha kuandikisha jina lake upande wa kukataa.