Joe Jackson, bingwa wa besiboli asiyejua kusoma, aliyeponzwa na karatasi

Tarehe 13 mwezi wa tano mwaka wa 2025, wakubwa wa besiboli ya Marekani waliondoa jina la Joe Jackson kwenye orodha ya watu waliofungiwa maisha. Uamuzi huo haukumkuta hai. Jackson alifariki mwaka wa 1951, akiwa amekaa miaka 30 nje ya ligi kubwa kwa kosa la kupokea dola 5 000 ili ekipe yake ishindwe.

Joseph Jefferson Jackson alizaliwa mwaka wa 1887 katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, katika familia maskini. Alikulia karibu na mji wa Greenville, katika kijiji cha wafanyakazi wa kiwanda cha pamba cha Brandon Mill. Aliingia kazini kiwandani akiwa bado mtoto wa miaka kama 6 au 7. Masomo yakampita, na hakujifunza kamwe kusoma wala kuandika.

Alichojifunza ni mpira, kwani kiwanda kilikuwa na ekipe yake. Siku moja viatu vipya vilimtoa malengelenge miguuni; akavivua na kuendelea kucheza na soksi. Tangu siku ile watu wakamwita Joe asiye na viatu, jina ambalo yeye mwenyewe hakulipenda.

Katika besiboli, mchezaji mmoja hutupa mpira kwa nguvu, na mpinzani wake hujaribu kuupiga kwa fimbo nene ya mti, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne ili apate pointi. Mtu anayefaulu mara 3 kwa kila mara 10 huhesabiwa kuwa hodari. Mwaka wa 1911, akiwa na ekipe ya Cleveland, Jackson alipita mara 4 kwa kila 10: wastani wake ulikuwa 0,408. Babe Ruth, nyota mkubwa kuliko wote wa miaka iliyofuata, alisema kwamba aliiga namna Jackson alivyopiga mpira.

Nje ya uwanja, macho yake yalikuwa mke wake Katie, waliyeoana mwaka wa 1908. Ndiye aliyemsomea barua na mikataba, na mara nyingi ndiye aliyemwandikia jina lake.

Mwaka wa 1915 Cleveland ilimuuza kwa White Sox ya Chicago, na mwaka wa 1917 ekipe hiyo ikawa bingwa. Mshahara wake ulikuwa dola 6 000 kwa mwaka. Kwa sheria za wakati ule, mchezaji hakuweza kwenda kutafuta bei nzuri kwingine bila ruhusa ya mwenye ekipe.

Fainali ya 1919 ndiyo iliyoharibu kila kitu. White Sox, waliotazamiwa kushinda, walipigwa na Cincinnati mechi 5 kwa 3. Baadaye ilijulikana kwamba wacheza kamari walikuwa wamewanunua wachezaji wa Chicago. Wachezaji 8 walitajwa, Jackson akiwa mmoja wao. Aliahidiwa dola 20 000. Mwenzake wa ekipe alimletea 5 000.

Lakini matokeo yake katika fainali hiyo si ya mtu aliyelegea. Alipiga vizuri mara 12, na wastani wake wa 0,375 uliwapita karibu wenzake wote. Hakuhesabiwa kosa hata moja uwanjani. Watetezi wake husema alipokea pesa bila kuuza mechi. Wanaompinga hujibu kwamba aliyejua mpango, akapokea pesa na kunyamaza, tayari amewauza wenzake.

Tarehe 28 mwezi wa tisa mwaka wa 1920, Jackson alifika mbele ya juri ya uchunguzi mjini Chicago. Hakuwa na avoka wake mwenyewe. Aliyezungumza naye kabla alikuwa avoka wa Charles Comiskey, mwenye ekipe. Mtu asiyejua kusoma akatia sahihi kwenye karatasi ya kuachilia kinga yake ya kisheria. Kisha akakiri kwamba alipokea pesa, lakini akasisitiza kwamba alicheza ili ashinde.

Tarehe 2 mwezi wa nane mwaka wa 1921, korti iliwaachilia wachezaji wote walioshitakiwa. Furaha yao ilidumu usiku mmoja tu. Kesho yake Kenesaw Landis, juji aliyepewa mamlaka juu ya ligi zote, aliwafungia wote 8 maisha. Kwake yeye, hukumu ya korti haikubadilisha kitu.

Mwaka wa 1924 Jackson alimshitaki mwenye ekipe huko Milwaukee, akidai mishahara aliyonyimwa. Alidai pia kwamba alidanganywa kuhusu yaliyoandikwa ndani ya mkataba wake. Juri ilimpa haki, lakini juji akaifuta hukumu hiyo: maneno ya Jackson yalipingana na ungamo lake la 1920, ambalo karatasi zake, zilizokuwa zimepotea, zilitokea ghafla mikononi mwa avoka wa ekipe.

Jackson alirudi kusini. Alifungua biashara ya kufua nguo mjini Savannah, kisha duka la pombe mjini Greenville, na huko ndiko alikofia.

Sahihi yake, ambayo aliiandika kwa shida na mara chache sana, leo inatafutwa na matajiri. Mwaka wa 2021, picha moja yenye jina lililoandikwa na mkono wake iliuzwa karibu dola milioni 1 na nusu, mara 300 hivi ya pesa zilizomponza.

Kuondolewa kwenye orodha hakumwingizi moja kwa moja katika nyumba ya heshima ya besiboli huko Cooperstown. Kura ya kwanza inayoweza kumhusu inangojewa mwisho wa mwaka wa 2027.