Huruma Inayodhuru: Sigara Mikononi mwa Mgonjwa wa Akili

Kila mwaka Jumatano ya Majivu huwakuta waamini wengi wakijiwekea nia ya kuacha kitu fulani kwa siku 40, na wavutaji wa sigara hawakosekani miongoni mwao. Wapo wanaofika Pasaka wakiwa washindi. Wapo pia wanaoirudia pakiti kabla ya Dominika ya kwanza ya Kwaresima, kisha wakajihukumu kuwa ni watu wasio na msimamo. Makala hii inawahusu hao wa pili, na hasa yule ambaye, pamoja na sigara, anaubeba mzigo wa sonona, wasiwasi uliopita kiasi, au ugonjwa mzito kama skizofrenia.

Katika nchi ambako jambo hili limepimwa kwa muda mrefu, kama vile Uingereza na Marekani, watu wenye maradhi ya akili huvuta sigara kwa kiwango cha takribani mara mbili ya watu wengine, na wenye skizofrenia huvuta zaidi ya hapo. Wagonjwa hao hufariki dunia miaka mingi kabla ya wenzao, na mara nyingi kinachowaua si ugonjwa wa akili wenyewe, bali moyo na mapafu.

Kwa nini wavute zaidi? Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya moshi kuvutwa, ikaamsha kemikali zinazoleta hisia ya raha na utulivu. Kwa mtu ambaye raha imemhama, nafuu hiyo ya haraka ni kitu kikubwa. Lakini haidumu. Baada ya saa mbili hivi kiasi cha nikotini katika damu hupungua kwa nusu, na ubongo uliokwisha kuizoea huanza kuidai: mtu hukasirika upesi, hukosa utulivu, hushindwa kutuliza mawazo, moyo humwingia huzuni. Akiwasha nyingine, hali hiyo huondoka, naye husema kwa dhati kabisa kwamba sigara imemtuliza. Kumbe imetuliza dhiki ambayo sigara iliyotangulia ndiyo iliyoileta.

Hapo ndipo mgonjwa wa akili hunaswa. Dalili za kukosa nikotini zinafanana mno na dalili za ugonjwa wake. Huanza saa chache tu baada ya kuacha, huwa kali zaidi katika juma la kwanza, na kwa kawaida hufifia baada ya majuma mawili hadi manne. Mtu asiye na sonona huziona kuwa ni usumbufu wa kupita. Mwenye sonona hudhani ugonjwa umerudi, na jamaa zake hudhani vivyo hivyo, wakamtafutia sigara upesi. “Mwacheni avute, ndiyo faraja yake pekee.” Kauli hiyo hutamkwa majumbani mwetu kwa upendo wa kweli. Hata katika hospitali za akili za nchi mbalimbali ilikuwa desturi kumpa mgonjwa sigara kama tuzo ya kutulia, na watengenezaji wa sigara walifurahi kugharimia tafiti zilizodai kwamba tumbaku ni dawa ya wagonjwa hao.

Ushahidi unasema kinyume. Mwaka 2014 jarida la kitabibu BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 uliowalinganisha walioacha sigara na walioendelea kuvuta. Walioacha walikuwa na sonona, wasiwasi na msongo uliopungua zaidi, na ilikuwa hivyo hata kwa waliokuwa na maradhi ya akili.

Dawa za kusaidia kuacha zipo: vibandiko vya ngozini na chingamu zenye nikotini, pamoja na vidonge vya vareniklini na bupropioni. Zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ingawa kuzipata katika zahanati zetu ni suala jingine. Iliwahi kuhofiwa kwamba vidonge hivyo huvuruga akili. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wavutaji zaidi ya 8,000 katika nchi 16, karibu nusu yao wakiwa na historia ya ugonjwa wa akili, haukuona ongezeko la maana la madhara hayo. Hata hivyo bupropioni haimfai mwenye kifafa, na hakuna hata kimoja cha kununua bila kumwona daktari.

Lipo jambo ambalo familia nyingi hazijawahi kuambiwa. Moshi wa sigara huliamsha ini livunjevunje haraka baadhi ya dawa za akili, hususan klozapini na olanzapini, ndiyo maana mvutaji huhitaji dozi kubwa zaidi. Akiacha ghafla, dozi ileile hulimbikizana mwilini na inaweza kumlevya kwa usingizi au kumdhuru vibaya. Kibandiko cha nikotini hakilizuii hilo, kwa kuwa kinacholiamsha ini ni moshi, si nikotini. Basi anayetumia dawa hizo amwambie daktari kabla ya siku ya kuacha, na asipunguze dozi kwa mikono yake mwenyewe. Kahawa nayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi baada ya kuacha sigara. Anayekunywa vikombe vingi na kukesha usiku apunguze vikombe kabla ya kuilaumu akili yake.

Kuhusu hatia, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inakiri kwamba mazoea na mambo ya kisaikolojia yanaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake. Anayerudia sigara akiwa mgonjwa anahitaji msaada zaidi kuliko karipio.

Msaada huo ni mambo madogo. Siku ya kuacha ichaguliwe wakati ugonjwa umetulia, si wiki ya msiba wala ya kubadilishiwa dawa. Wanaoishi naye wasivute mbele yake, wala wasimtume dukani kununua sigara za wengine. Majirani wa jumuiya ndogondogo wanaweza kupokezana kumtembelea jioni katika majuma matatu ya kwanza. Akianguka, aandike ilikuwa saa ngapi na nini kilikuwa kimetokea, na karatasi hiyo aende nayo kliniki siku ya miadi.