Kuipima Nchi ya Ngorongoro kwa Picha za Angani

Wasikilizaji, mfugaji mzee hana haja ya kuambiwa kuwa malisho yake yamegeuka kichaka. Ameyaona kwa macho yake. Lakini akiulizwa ni eneo kiasi gani lililogeuka, na miaka kumi ijayo litabaki kiasi gani, hapo ndipo jambo linapokuwa gumu. Leo nataka kuwaelezeni jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, na mfano wetu ni Ngorongoro, hifadhi ya kilomita za mraba 8,300 hivi iliyowekwa mwaka 1959, ambamo Wamasai na mifugo yao waliruhusiwa kukaa pamoja na wanyama wa porini.

Chombo cha kwanza cha Marekani kiitwacho Landsat kilirushwa angani mwaka 1972 kupiga picha za nchi, na vingine vimekifuata hata leo. Tangu mwaka 1982 picha hizo zimegawanya nchi katika miraba ya mita 30 kila upande. Kila mraba hupewa jina kwa jinsi unavyorudisha mwanga wa jua: msitu, kichaka, nyasi, shamba au maji. Kisha picha ya zamani hulinganishwa na ile mpya, na miraba iliyogeuka huhesabiwa. Hata hivyo, wakati wa kiangazi shamba lililokwisha vunwa na nyasi zilizokauka hufanana mno, hata fundi hodari hudanganyika. Basi ni lazima watu waende kwa miguu wakahakikishe, tena wawaulize wenyeji.

Na kutabiri je? Tuseme kwamba katika miraba 100 ya nyasi, 10 imegeuka kichaka kwa miaka kumi. Ikiwa mwendo ni ule ule, katika ile 90 iliyobaki itageuka 9, ibaki 81. Tena mraba unaopakana na kichaka hudhaniwa utageuka upesi kuliko ulio mbali, maana mbegu nyingi huanguka karibu.

Lakini neno hilo “ikiwa” ndilo lenye uzito. Huko Ngorongoro kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena. Aliyepiga hesabu kwa picha za mwaka 1980 na 1990 asingeweza kuyaona mashamba yaliyoongezeka baada ya ruhusa. Picha hazikukosa, kosa lingekuwa kudhani kwamba sheria na haja ya chakula havibadiliki. Na tangu mwaka 2022 serikali imehamishia kaya nyingi Msomera, mkoa wa Tanga, jambo lililopingwa sana na wakazi wengine. Pale ng'ombe walipoondoka, je, nyasi zitastawi au kichaka kitazisonga? Picha za kabla ya mwaka ule hazina jibu.