Picha ya Nchi Yetu Ipigwe Vema

Ndugu msikilizaji, mgeni akifika Sumbawanga hustaajabia uwanda wa Ufipa: nyasi, vilima na anga pana. Hutoa kamera au simu yake, akapiga. Akirudi kwake, picha ni nusu anga nyeupe na nusu majani yaliyofifia. Ule ukubwa umekwenda wapi?

Kwanza tuangalie mwanga. Sisi tuko kiasi cha nyuzi 8 tu kusini mwa Ikweta. Saa sita mchana jua huwa juu sana, vivuli hujificha, na mlima huonekana kama ukuta mtupu. Kumbe vivuli ndivyo vinavyochora mabonde, na hata matuta ya mviringo ya mashamba ya Kifipa. Basi piga saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Aliyeko Izia akiitaka Milima ya Mbizi, iliyo upande wa mashariki, angoje jioni, jua likiwa mgongoni mwake. Asubuhi atapata umbo jeusi tu.

Pili ni majira. Kiangazi kikikolea, moshi wa mioto ya nyika na vumbi hufunika upeo wa macho. Ukisimama ukingoni, Ziwa Rukwa kule bondeni mara nyingi hulioni. Mwezi Mei, mvua zikiisha, hewa ni safi na nyasi bado zina rangi.

Tatu ni kipimo. Maporomoko ya Kalambo yana kimo cha zaidi ya meta 200, lakini picha isiyo na kitu cha kulinganisha huyafanya yafanane na mfereji. Tafuta mti, ng'ombe au mtu aonekane pamoja nayo. Ila usimsogeze mtu ukingoni. Hakuna picha inayolingana na roho ya mtu. Tena aombwe ruhusa kwanza, maana yeye si jiwe.

Mwisho, rudi kila mwaka mahali palepale, mwezi uleule. Picha moja ni pambo la ukutani. Picha kumi za ukingo wa msitu wa Mbizi, unaolinda vyanzo vya maji yetu, ni ushahidi. Zitaonyesha kama msitu umesimama ama umerudi nyuma, na mbishi atakosa la kusema. Kila picha iandikie tarehe na mahali, kwani wajukuu watauliza.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.