Debe na Wenzake: Mabingwa wa Kupima Vimiminika

"Nipimie mafuta ya robo," mtoto anasema, huku akinyoosha chupa. Muuzaji anazamisha kikombe cha bati chenye mkono mrefu, anakinyanyua, anakiacha kitulie, kisha anamimina polepole kupitia kichwa cha chupa kilichokatwa na kupinduliwa. Robo ya nini? Mtoto hakusema na muuzaji hakuuliza. Ni robo lita. Kwa kuenea, hakuna kipimo cha vimiminika kinachoifikia lita: imezoeleka hadi haihitaji kutajwa jina.

Kwa umri, hata hivyo, bado ni changa. Iliwekwa kisheria Ufaransa mwaka 1795: boksi la sentimita 10 kila upande, ukilijaza maji umepata lita moja, na maji hayo yana uzito wa kilo moja. Lita ina rekodi nyingine inayonivutia zaidi, ya kosa dogo lililosumbua wakubwa kwa muda mrefu. Mwaka 1901 mkutano wa kimataifa wa vipimo uliamua kwamba lita iwe ujazo wa kilo moja ya maji, badala ya ule wa boksi. Kumbe kilo ya metali iliyotumika kama kigezo na lile boksi havikulingana sawasawa. Tofauti ilikuwa sehemu 28 katika kila milioni. Kwa lita moja, ni zaidi kidogo ya nusu tone. Kwa ajili ya nusu tone hilo uamuzi ulifutwa mwaka 1964, na lita ikarudishwa kwenye boksi lake. Mwaka 1979 ikaruhusiwa pia kuandikwa kwa L kubwa, kwa sababu l ndogo ilikuwa ikisomwa kama namba 1, ingawa kwa kawaida herufi kubwa hutengewa vipimo vilivyopewa majina ya watu, kama wati na volti.

Ukiniuliza bingwa wa mabingwa, mimi namtaja debe. Neno lenyewe asili yake ni Kihindi, na chombo kilikuja na mafuta ya taa: kopo la bati la pembe nne, galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yalipokwisha, bati halikutupwa. Liliwekewa kipini cha mti juu, likawa la kuchotea maji. Likatiwa samli. Likakatwa na mafundi bati likawa kibatari, na likakunjuliwa likaezekea banda la kuku. Kisha likatoka kabisa kwenye vimiminika na kuingia shambani: mahindi yakapimwa kwa debe, gunia likahesabiwa debe sita, na wachumaji wa kahawa Kenya wakalipwa kwa kila debe walilojaza. Halikuishia hapo. Kenya mgombea humwambia mwenzake wakutane debeni, naye anamaanisha sanduku la kura. Stendi za Tanzania zina wapiga debe, na hawana bati mkononi. Hata mtu mwenye maneno mengi na akili kidogo tumempata humo humo: debe tupu haliachi kuvuma. Sijui kipimo kingine kilichofanya kazi nyingi hivyo.

Debe pia linaongoza kwa kudhulumiwa, na hili linaniuma. Mnunuzi wa mazao akilibonyeza tumbo litokeze nje, mkulima anamimina mahindi hayajai. Muuzaji naye akilibonyeza liingie ndani, mama wa watu anarudi nyumbani na pungufu. Ni bati lile lile na jina lile lile. Nimemwona bibi mmoja sokoni akipitisha kiganja ubavuni mwa debe, taratibu, kama anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa, kabla hajakubali kupimiwa. Wataalamu walirekebisha nusu tone. Bibi huyu alikuwa akitafuta vibaba vizima.

Kwa kigeugeu, nafasi ya kwanza ni ya galoni. Ya Uingereza ni lita 4.55 hivi, ya Marekani 3.79, na mitaani kwetu ni chombo chochote cha plastiki chenye mkono, kiwe cha lita tatu au tano. Pipa linafuata. Jina tulilipata kwa Wareno, na kwenye habari za bei ya mafuta duniani pipa ni lita 159, lakini lile la bluu lililokinga maji ya mvua uani kwako linabeba lita 200 na zaidi. Dumu ni dogo kuliko pipa, ila ndilo linalochosha shingo za watu wengi zaidi: lita 20, kilo 20 za maji kichwani. Viwango vya misaada ya dharura vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Familia ya watu watano, basi, inahitaji madumu manne kasoro robo, na mara nyingi anayeyafuata ni msichana mmoja.

Kwa kubana matumizi hakuna anayekishinda kibaba. Leo tunakijua kwa nafaka, vibaba vinne pishi moja, lakini katika vitabu vya fikihi vya Kiswahili kinapima maji pia: imepokewa kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa pishi, hadi vibaba vitano. Bomba likiwa wazi, kiasi hicho kinakwisha kabla hujamaliza mkono wa kulia.

Upande wa pili kabisa lipo Ziwa Tanganyika. Victoria ndilo pana kuliko yote Afrika, lakini Tanganyika, kwa kina chake kinachokaribia mita 1,470, lina maji mara saba ya Victoria: kilomita za ujazo 18,900 hivi. Kila moja ya hizo ni lita trilioni moja. Kwa madumu, ziwa zima ni kama trilioni 945. Ufukweni Kigoma mtu anainama, analaza dumu lake ubavu, maji yanaingia yakibwabwaja, kisha anaziba kwa kipande cha gunzi na kujitwisha.